Sayansi kwa Wasiosomea Sayansi

Kozi ya sayansi katika elimu ya jumla haikusudiwi kutoa wakemia wala wanafizikia. Wanaoisoma ni mawakili, wahasibu na walimu wa historia watarajiwa, watu ambao kesho wataketi katika mabaraza na bodi na kutakiwa kuamua juu ya kiwanda, chanjo au mtambo wa umeme. Wanachohitaji ni kujua ushahidi wa kisayansi hupatikanaje, na nani hugharimia kuutafuta.

Mwaka 1945 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ilitoa ripoti iliyotaka elimu ya jumla kwa kila mwanafunzi, sayansi ikiwemo. Rais wa chuo, James Bryant Conant, mkemia aliyeshiriki kusimamia utafiti wa bomu la atomiki, hakuridhika na kozi za juujuu zinazogusa kila tawi la sayansi. Alipendekeza visa vichache vya kihistoria vifuatiliwe kwa kina, kama majaribio ya Robert Boyle kwa pampu ya hewa. Thomas Kuhn, aliyekuwa akisomea fizikia, alivutwa kwenye historia ya sayansi alipokuwa akisaidia kuandaa kozi ya Conant ya visa hivyo.

Hata hivyo, visa vya Conant viliishia ndani ya maabara. Kiwanda, soko na serikali havikuonekana. Kozi za sayansi, teknolojia na jamii zilikuja kuziba pengo hilo. Chuo Kikuu cha Cornell kilianzisha programu yake mwaka 1969.

Hakuna kisa kinachofaa kozi hizi kuliko petroli yenye madini ya risasi. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors aligundua kuwa kiambata cha risasi huzuia injini isigonge. Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa kwa sumu yake, na mwaka uliofuata daktari Alice Hamilton akaonya waziwazi. Mauzo yaliendelea. Robert Kehoe, aliyefadhiliwa na watengenezaji wenyewe, alishikilia kwamba risasi mwilini ni jambo la kawaida na kwamba anayedai madhara ndiye alete uthibitisho. Msimamo huo ulitawala kwa miongo kadhaa. Aliyeutikisa ni Clair Patterson, ambaye alikuwa akipima umri wa dunia. Sampuli zake zilichafuliwa na risasi iliyotapakaa kila mahali, ikambidi kwanza asafishe maabara. Mwaka 1956 alitangaza umri wa miaka bilioni 4.55, na mwaka 1965 akaonyesha kwamba kilichoitwa cha kawaida kilikuwa uchafuzi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia 2006. Algeria, ya mwisho duniani, iliacha mwaka 2021.

Hatari ya kozi hizi ni kemia kutoweka na mjadala wa siasa kubaki peke yake. Mwanafunzi lazima akabiliane na vipimo. Katika miaka ya 1960 mtoto wa Marekani alihesabiwa kuwa na tatizo akiwa na mikrogramu 60 za risasi kwa desilita ya damu. Tangu 2021 kiwango ni 3.5. Namba hiyo ya pili si mpaka wa usalama, maana hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Imewekwa ili kuwabaini takriban asilimia 2.5 ya watoto wadogo wenye risasi nyingi zaidi. Mtu asiyeelewa tofauti hiyo hawezi kuijadili sera yake.

Kwa wanafunzi wa Pwani ya Kenya, kisa kipo nyumbani. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichafua makazi ya watu kwa risasi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na shauri likakatiwa rufaa hadi Mahakama ya Juu. Hukumu hizo zikisomwa pamoja na vipimo vya damu na udongo, na mkemia na mwanasheria wakafundisha darasa moja kwa pamoja, zinatosha kazi ya muhula mzima.