Elimu ya Karakana (3): Ukingo Nao ni Kazi

Juma lililopita tulieleza jinsi biti ya keekee inavyokata chuma. Leo tutazame kinachobaki biti inapotokea upande wa pili: utando mwembamba wenye makali, uliouzunguka mdomo wa tundu. Wengi huuona uchafu mdogo tu. Mimi nasema kifaa chenye masalia hayo hakijakamilika.

Chanzo chake ni ulaini wa metali. Biti ikikaribia kutokea, chuma kilichosalia mbele yake huwa chembamba mno, nacho badala ya kukatika husukumwa nje kikapinda. Alumini, shaba na chuma laini huacha masalia mengi. Chuma cha kalibu humeguka, hivyo huacha machache. Biti butu huyazidisha.

Hasara yake si kukata vidole na kuchuna nyaya tu. Bolti iliyokazwa juu ya masalia huonekana imeshika, lakini yakishabonyea hulegea. Ndani ya vali ya haidroli, chembe ikimeguka huchukuliwa na mafuta, ikaenda kukwamisha sehemu inayoteleza.

Fundi wa mkono hutumia tupa, msasa, au biti pana kuliko tundu, akiizungusha taratibu mdomoni. Viwandani, vipande vingi hutiwa pamoja na mawe ya kauri, maji na sabuni katika chombo kinachotetemeka, vikasuguana. Matundu yanayokutana ndani kwa ndani, ambako tupa haifiki, husafishwa kwa moto: kifaa hufungiwa katika chemba, hujazwa gesi ya kuwaka na oksijeni, kisha huwashwa. Mwako hupita chini ya sekunde moja. Masalia, kwa wembamba wake, huungua kabla mwili wa kifaa haujapata joto la kuudhuru.

Hata hivyo, kinga huanza mapema. Noa biti, kaza kipande cha mbao chini ya bamba, na punguza nguvu biti inapokaribia kutokea. Mchoraji naye aonyeshe ukingo uweje. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13715 kina alama za kazi hiyo. Bila maelekezo hayo fundi hubahatisha: akiondoa kidogo makali hubaki, akizidisha huharibu kipimo. Na mwenye karakana auhesabu muda huu katika bei, kwani kazi isiyolipwa ndiyo hurukwa kwanza.

Juma lijalo: kuondoa masalia kwa umeme na maji ya chumvi.