Umeosha Sukuma, Sawa, Lakini Umetoa Nini? Stori ya Dawa za Shambani na Sahani Yako

Hiyo video umeiona. Msee anatupa nyanya na sukuma kwa beseni, anaongeza kijiko cha beking soda, na baada ya dakika kumi maji yamegeuka manjano kama mkojo wa mtu hajaonja maji siku mbili. Alafu anaangalia kamera kwa macho ya huzuni: "Hii ndio sumu mnakula kila siku." Mathee amekutumia kwa WhatsApp. Auntie amekutumia. Hadi ex wako amekutumia, na hamjaongea tangu Krisi.

Tuanzie hapo. Hiyo manjano si dawa. Mimea iko na rangi zake zenye hazionekani vizuri mpaka zikutane na kitu cha alikali kama beking soda, ndio zinatokea manjano. Hata sukuma ya cucu yenye haijawahi kuona dawa, ile iko nyuma ya jikoni, inaweza kukupea hayo maji. Mabaki ya dawa hupimwa kwa miligramu kwa kila kilo. Miligramu moja kwa kilo ni kama kuficha chembe moja ama mbili za sukari ndani ya kilo nzima ya nyanya. Hiyo hauwezi kuiona kwa beseni hata ukiwasha tochi ya simu.

Lakini usishangilie bado. Video ni ya kizushi, shida yenyewe ni ya ukweli, na mimi nimeibeba mgongoni.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili (stori ya siku ingine, na mathee bado hataki kuisikia), nilitumwa kwa anko wangu huko Mwea nikamsaidie na nyanya "ukiendelea kufikiria maisha." Nikafikiria maisha miezi mitatu na pampu ya lita 20 mgongoni, bila glavu, bila maski, nikiwa na leso ya Anti nimefunga mdomoni. Usiku kichwa kinagonga na naskia kutapika. Nilidhani ni jua.

Wiki moja tulipiga dawa Jumamosi. Kwa lebo kulikuwa kumeandikwa, kwa herufi za kutafutwa na miwani, kwamba ungoje siku 7 kabla ya kuvuna. Jumapili jioni simu ya broka ikaingia: bei imepanda, kanta inakuja asubuhi. Jumatatu saa kumi na mbili tulikuwa shambani tunajaza kreti, nyanya zikiwa bado na vidoa vya unga mweupe. Nikamuuliza, "Anko, si tungengoja?" Akacheka tu. "Hiyo lebo ndio itanilipia karo?"

Na nyuma ya nyumba kulikuwa na mistari minne ya nyanya yenye hatukuwahi kupigia dawa hata siku moja. Hizo ndizo Anti alikuwa anatupikia.

Piga hesabu mwenyewe. Nyanya ya Jumatatu inafika Marikiti usiku huo ama alfajiri ya Jumanne. Mama mboga wako anaamka saa tisa kuenda kuichukua. Jumanne jioni umeikata kachumbari kwa keja yako. Hiyo ni siku ya tatu baada ya dawa yenye ilitaka saba.

Kabla umtusi anko wangu, sikia venye nyanya inafanya kazi. Hii si mahindi, ati unavuna mara moja unaenda nyumbani. Nyanya zikianza kuiva unavuna mara moja ama mbili kila wiki, kwa wiki kadhaa mfululizo. Na hiyo miezi yote ndio blaiti inashambulia, na kuna nondo mdogo anaitwa Tuta absoluta aliyeingia Kenya karibu mwaka wa 2014, mabuu yake yanatoboa majani na tunda lenyewe. Ukiacha kupiga dawa wiki mbili, shamba linaweza kuisha. Ukipiga kila wiki na unavuna kila siku tatu, hizo siku 7 za kungoja zitatoka wapi? Sukuma ni hivyo hivyo: unachuna majani kila wiki, na vidukari vinarudi kila wiki. Ndio maana hizi mboga mbili, zenye sote tunadishi karibu kila siku, ndizo zenye shida ya siku za kungoja kuliko zingine.

Sasa, sehemu yenye itakusaidia kwa sinki. Dawa za shambani ziko aina mbili ukiangalia mahali zinakaa. Kuna zile zinabaki juu ya ngozi ya mmea, zinapaka kama poda. Mancozeb, ya kuzuia blaiti, ni moja yazo, na mara nyingi ndio hivyo vidoa unaona kwa nyanya. Alafu kuna zile zinanyonywa na mmea, zinatembea ndani na maji yake mpaka kwa jani na tunda. Hiyo ya kwanza inaoshwa. Hiyo ya pili ikishaingia, hata uoshe mpaka mikono ikunjamane, haitoki. Yenyewe inataka kitu kimoja tu, siku. Mmea unaivunjavunja polepole, na ndio maana lebo inasema ungoje.

Kwa hivyo mtu akikuambia kuosha hakusaidii, anadanganya. Mwingine akikuambia beking soda inatoa sumu yote, pia yeye anadanganya.

Utafiti wenyewe ndio huu. Huko Marekani, kituo cha utafiti wa kilimo cha Connecticut kiliosha mboga na matunda kwa maji ya mfereji tu na kikafuata mabaki ya dawa 12. Tisa zilipungua vizuri kwa maji hayo. Wakajaribu pia sabuni maalum za kuosha matunda, zile zinauzwa kwa bei ya nguvu, na hazikushinda maji. Alafu mwaka wa 2017 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts wakapaka tufaha dawa mbili wakaziloweka kwa maji ya beking soda, gramu 10 kwa lita. Baada ya dakika 12 hadi 15, dawa yenye ilikuwa juu ya ngozi ilikuwa imeisha. Lakini ile dawa moja ilikuwa ni ya kupenya, na karibu asilimia 20 yake ilikuwa ishaingia ndani ya ngozi ya tufaha. Hiyo beking soda haikuigusa. Hii sehemu ya mwisho ndio watu wa video huwa wanakata.

Gramu 10 ni kama vijiko viwili vidogo vya chai kwa lita moja. Kuwa makini ni beking soda, si beking pauda, na si magadi ya kulainisha githeri. Ukiwa nayo, loweka nyanya, hoho, tango na tufaha hizo dakika, alafu suuza vizuri. Ukikosa, usijali sana. Maji yanayotiririka pamoja na mkono wako kusugua yanafanya kazi kubwa.

Najua unawaza nini. Maji yanayotiririka wapi? Hapa kwetu mfereji unakohoa Alhamisi na Jumapili, hizo siku zingine ni mtungi wa mbao. Mimi hufanya hivi: natoboa kifuniko cha chupa ya maji ya lita moja matundu manne na msumari, naminya juu ya beseni. Nyanya tano, nasugua kila moja kwa kidole, kama nusu dakika hivi, na nakazana hapo kwa kikonyo kwa sababu kuna kashimo kanaficha poda. Chupa moja ama mbili zinatosha. Hayo maji ya beseni yanaenda kumwagia choo. Mwisho naipangusa na kitambaa kisafi, kwa sababu kupangusa pia kunatoa kitu. Kuchovya nyanya zote kwa beseni moja la maji yaleyale na kuzitoa ni kuzigawia uchafu tu.

Na chumvi? Inasaidia kiasi kwa dawa zingine, na kwa kabeji na sukuma inafukuza wadudu wenye wamejificha kwa mikunjo. Siki pia ni sawa ukiwa na doh ya siki. Chenye sitaki kuskia ni Omo, sabuni ya vyombo ama Jik. Kuna wasee wanafanya hivyo, nimeona. Ngozi ya tunda iko na vitundu, inanyonya. Unatoa dawa moja unaweka nyingine.

Kumenya pia kunafanya kazi, hasa kwa tango na karoti. Kabeji toa majani mawili matatu ya juu utupe. Tikiti maji nayo hauli ganda, lakini lioshe kabla ya kukata, kwa sababu kisu kinavuta vitu vya nje kikiviingiza ndani.

Alafu kuna ile imani ya "si tunapika, moto utaua." Moto unaua viini, hiyo nakupea. Kwa dawa ni stori ingine. Zingine zinavunjika, zingine hazishtuki. Na mancozeb ikipikwa inaweza kugeuka kuwa kemikali inaitwa ETU, yenye ndio iliwapa wanasayansi wasiwasi kuliko mancozeb yenyewe. Muungano wa Ulaya ulikataa kuirefushia mancozeb kibali mwishoni mwa 2020. Kwa bahati nzuri hiyo ndiyo ile inakaa juu ya ngozi. Iondoe kabla sufuria haijaingia mafuta.

Ukitaja Ulaya, mtu huuliza mbona wao wanapata mboga safi kutoka kwa udongo wetu. Jibu ni mlango. Mwaka wa 2013 Ulaya ilianza kupima asilimia 10 ya shehena za mishiri kutoka Kenya baada ya kupata dawa inaitwa dimethoate ikizidi. Biashara ikayumba, kampuni zikapata hasara, na kila mtu akaanza ghafla kusoma lebo. Mkulima wa mishiri ya kuuzwa nje anajua mzigo unaweza kurudishwa. Anko wangu anajua hakuna mtu atasimamisha ile kanta njiani kwenda Marikiti apime nyanya. Kenya iko na Bodi ya kudhibiti dawa za wadudu, iko na KEPHIS yenye maabara, na mwaka wa 2019 kulikuwa na ombi mbele ya Bunge la kuondoa dawa hatari sokoni. 2025 serikali ikapiga marufuku baadhi. Sawa. Lakini ile dawa ya siku 7 si haramu. Kosa lilikuwa Jumatatu.

Sasa tuongee kuhusu sukuma ya kukatwa, kwa sababu hapa ndio tunajimaliza wenyewe. Unatoka job saa moja, umechoka, mama mboga ashakukatia sukuma ya mbao iko kwa karatasi. Unaenda kuitupa kwa sufuria moja kwa moja. Haijaoshwa. Ama umejaribu kuiosha ikiwa imekatwa vile nyembamba, sasa maji yanabeba vitamini na ile dawa ya nje inaingia kwa kila mkato. Sukuma inaoshwa ikiwa jani zima, jani moja moja, pande zote mbili, maana vidukari viko chini ya jani na dawa ilielekezwa huko. Ndio ikatwe.

Pia kuna viini, na kwa kweli hivi ndivyo vitakulaza wiki hii wakati dawa inakungoja miaka. Nairobi kipindupindu kinarudi kila mara. Kachumbari kwa smokie pasua, nyanya haijaguswa na maji: hapo mimi huomba bila kachumbari na nakubali kuitwa mshamba. Na kuna sukuma inamwagiliwa na maji ya sewa kando ya mto. Hiyo ikiwa na madini mazito ndani, hakuna kuosha kutasaidia.

Usiache mboga kwa sababu ya hii stori. Shirika la Afya Duniani linataka angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na wengi wetu na chipo mwitu hatufiki hata nusu. Changanya tu: leo sukuma, kesho terere ama managu, kesho kutwa kunde, usile dawa ya aina moja kila siku.

Na ongea na mama mboga wako. Wangu nilimwambia, "Mathe, hii umetoa wapi, na ilivunwa lini?" Akadhani namshuku bei. Nilipomwelezea akaniambia kuna mkulima wa Kinoo humletea majani yenye hayajapigwa, ni ya mashimo mashimo, wateja hawataki kuyaona, huwa anayapeleka kwake nyumbani.

Nyumbani kwake. Kama ile mistari minne ya anko.

Siku hizi nikipita ananiitia kutoka mbali, "Kastoma, zako za mashimo ziko chini ya meza. Sijakata."