Dimbwi Lisilo na Mwenyewe

Mbu wa malaria haanzi maisha yake chumbani mwa mtu. Huanzia majini, na katika joto la Dar es Salaam huhitaji wiki moja hadi mbili tu kutoka yai hadi kuota mabawa. Anayetaka kumwahi kabla hajaruka inambidi aujue mtaa: maji yametuama wapi, na ndani yake mna nini.

Mwaka 2004 kazi hiyo ilianza katika kata 15 za jiji, chini ya Mpango wa Kudhibiti Malaria Mijini. Wakaguzi walikuwa wakazi wenyewe, kila mmoja na mashina yake ya nyumba kumi. Kila wiki walipita kwenye mitaro iliyoziba, mashimo ya ujenzi, nyayo za magurudumu na vijaruba vya maji kati ya matuta ya mboga. Walichota maji, wakatafuta viluwiluwi, wakaandika walichokiona.

Walichora pia ramani za mkono. Zilipolinganishwa na picha za angani katika kata za Buguruni, Kurasini na Mikocheni, ilibainika kwamba zaidi ya asilimia 30 ya eneo haikuwamo kabisa. Shina huhesabu nyumba. Kinamasi na bonde lisilokaliwa na mtu havina balozi wa nyumba kumi. Lakini mbu haulizi mpaka wa shina.

Mapengo hayo yakazibwa. Mwaka 2006 kata hizo tatu zikaanza kuwekewa Bti, bakteria ambao sumu yao huharibu utumbo wa kiluwiluwi anayewameza, bila kumdhuru binadamu wala samaki. Kwa kuwa nguvu yake majini haidumu, dawa ilirudiwa kila wiki. Maambukizi ya malaria yalipungua.

Ukaguzi wa namna hii hauishii kwa malaria. Mbu wa dengi huzaliana kwenye matairi na ndoo zilizoachwa wazi uani. Kipindupindu hupata njia pale choo kinapovujia kisima. Nyingi ya hatari hizi huonekana kwa macho, mtu akizitafuta kabla ya wagonjwa kujaa zahanati. Kila serikali ya mtaa ina watu wanaoweza kuifanya kazi hiyo. Waanze na ramani, na waanze na vile vipande ambavyo kila jirani husema si vyake.