Utepe Mwembamba Unaoipeleka Glaida Mbali

Glaida, ndege isiyo na injini, ina akiba moja tu: kimo chake. Ikishavutwa hadi juu na kamba kuachiliwa, kila mita inayoshuka ni lazima ilipe safari. Glaida ya mafunzo aina ya ASK 21, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1979 huko Ujerumani, husonga mbele takriban mita 34 kwa kila mita inayoshuka. Hewa ikitulia, kimo cha mita 1,000 kitaifikisha kilomita 34, karibu sawa na kutoka katikati ya Nairobi hadi Juja.

Je, ni nini kinachoipotezea safari hiyo? Nyufa ni mojawapo. Nyuma ya kila bawa kuna kipande kinachopanda na kushuka ili kuilaza ndege upande. Hicho huitwa eleroni. Mkiani mna eleveta ya kuinua na kuinamisha pua, pamoja na usukani wa kuigeuza. Vyote vimeshikwa kwa bawaba, na penye bawaba hapakosi upenyo. Hewa ya chini ya bawa ina shinikizo kubwa kuliko ya juu, basi hupenya papo hapo kama baridi ya Julai chini ya mlango. Ikitokea juu huvuruga mkondo wa hewa bawani, ndege ikazuilika, na eleroni yenyewe ikapungua nguvu.

Mafundi huuziba upenyo huo kwa utepe wa plastiki nyembamba iitwayo Mylar, uliopindwa kidogo. Kwanza rangi husafishwa mafuta na gundi kuukuu yote. Kisha ukingo wa mbele wa utepe hubandikwa bawani, ule wa nyuma ukaachwa huru, ukiegemea eleroni na kuteleza juu yake. Ndani ya ufa huweza kuwekwa kitambaa pia, lakini kiachwe kikining'inia kidogo. Kikikazwa, eleroni haitafika mwisho wake.

Kubandika si kazi ngumu. Kazi ni kukagua, na hapa ndipo roho ya rubani ilipo. Mmoja huketi ndani na kusukuma fimbo ya kuongozea hadi mwisho, kila upande, mwenzake akitazama nje. Je, ule ukingo huru bado unafunika ufa? Ukitumbukia ndani, eleroni ikirudi itaubana na huenda ikakwama. Kukwama angani si jambo la kurekebishwa kwa bisibisi! Pembe za mwendo nazo hupimwa na kulinganishwa na kitabu cha ndege.

Kuna pia suala la uzito. Chochote kinachoongezwa nyuma ya bawaba huharibu mizani ya kipande hicho, na kwenye kasi kubwa kinaweza kuanza kutetemeka hadi kivunjike. Ndiyo maana kazi hii huidhinishwa na fundi mwenye leseni kabla ya ndege kuruka.

Jua nalo huichosha gundi. Utepe ulioanza kuinuka pembeni hubanduliwa wote, ukawekwa mpya.