Kitenganishi cha betri

Kitenganishi cha betri (mafundi wengine hukiita aisoleta) ni kifaa cha umeme kinachofungwa katika gari lenye betri mbili. Huziunganisha betri hizo injini inapozunguka ili alterneta izichaji zote, na huzitenga injini inapozimwa. Baada ya hapo friji, redio ya mawasiliano na taa hutumia betri ya pili peke yake, na betri ya kwanza hubaki na chaji ya kuwasha injini.

Kifaa hiki hutumika sana katika magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, kwa sababu mara nyingi hupelekwa mbali na gereji.

Matumizi mkoani Kigoma

Ndani ya Kigoma mjini na Ujiji, betri iliyoisha chaji ni usumbufu mdogo: dereva hutafuta gari jingine la kumbusti, au watu husukuma. Kwenye njia za vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika, au nje ya barabara kuu za kwenda Uvinza, Kasulu na Kibondo, gari la kubusti huenda lisipite kwa saa nyingi. Land Cruiser lenye mizigo ni gumu sana kusukuma kwenye mchanga au matope ya masika, na gari la gia otomatiki haliwaki kwa kusukumwa hata likiwa kwenye lami.

Magari yanayohitaji betri ya pili ni pamoja na yale yanayobeba chanjo kwa friji, kwani chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Mengine ni ya mashirika yanayohudumia wakimbizi katika kambi ya Nyarugusu, ambayo hufungwa redio za masafa marefu. Wageni wa Hifadhi ya Taifa ya Gombe nao huacha magari yao Kigoma, kwa kuwa hifadhi hiyo hufikiwa kwa boti. Friji ikiachwa ikifanya kazi, hula betri muda wote huo.

Tofauti ya betri mbili

Betri ya kuwashia ina sahani nyembamba nyingi. Hutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache, kisha hurudishiwa chaji mara moja. Ikishushwa sana mara kwa mara huharibika mapema. Betri ya sola ina sahani nene zinazostahimili kushushwa na kuchajiwa tena, kama zinavyofanyiwa betri za taa za wavuvi wa dagaa, zinazotumika usiku na kuchajiwa mchana. Betri ya pili katika gari inafaa iwe ya aina hii.

Ukubwa wake hupatikana kwa hesabu. Friji inayotumia ampea 4 na kufanya kazi nusu ya muda hula wastani wa ampea 2, yaani ampea-saa 48 kwa siku. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo hutosha siku moja hivi bila kuwasha injini.

Aina za vitenganishi

* Swichi ya mkono: ni rahisi na haina vifaa vya elektroniki vya kuharibika. Udhaifu wake ni dereva: akisahau kuizima, betri zote mbili huisha pamoja.
* Dayodi: hupitisha umeme upande mmoja tu. Dayodi za kawaida za silikoni hupunguza takriban volti 0.6 au zaidi, hivyo betri huenda zisijae.
* Rilei inayopima volti: hujifunga volti zikipanda kufikia takriban 13.3, dalili kwamba alterneta inachaji, na hujifungua zikishuka hadi takriban 12.8.
* Chaja ya betri kwa betri: hupokea umeme wa alterneta na kuubadilisha kufikia volti zinazotakiwa na betri ya pili. Ni ghali kuliko rilei.

Jinsi ya kuchagua

Jambo la kwanza kuangalia ni alterneta, kabla ya bei. Katika magari ya zamani, kama Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, alterneta hutoa karibu volti 14 muda wote. Kwa gari kama hilo lenye betri ya pili ya risasi, rilei hutosha, na chaja ya bei kubwa si lazima. Katika magari mengi mapya, kompyuta hushusha volti za alterneta ili kupunguza matumizi ya mafuta. Rilei hudhani injini imezimwa na kujifungua, na betri ya pili haijai. Hapo chaja ndiyo inayofaa.

Jambo la pili ni aina ya betri. Betri ya lithiamu hubaki na volti kama 13.2 hata isipochajiwa. Kwa sababu hiyo rilei inaweza isijifungue kabisa, na betri hiyo inaweza kuvuta umeme mwingi hadi kuipasha alterneta joto. Betri hii nayo huhitaji chaja.

Jambo la tatu ni uwezo. Rilei isiwe na ampea chache kuliko za alterneta.

Mwisho, kuwepo kwa betri mbili chini ya boneti hakumaanishi kwamba moja ni ya ziada. Baadhi ya magari ya dizeli hutumia zote mbili kuwashia, na mengine huziunganisha kupata volti 24. Fundi apime kwanza, kwa kuwa kitenganishi cha volti 12 hakifai katika mfumo wa volti 24.

Kufunga na kupima

Waya mwembamba huharibu kazi ya kifaa kizuri. Waya wa shaba wa milimita mraba 6 wenye urefu wa mita 5 hupoteza karibu volti 0.6 ukipitisha ampea 40. Wa milimita mraba 16 hupoteza karibu 0.2. Fyuzi huwekwa karibu na kila betri, kwa sababu waya ukichubuka na kugusa bodi, betri yoyote kati ya hizo mbili inaweza kuuwasha moto. Betri ya maji haifungwi ndani ya gari pasipo tundu la hewa, kwani hutoa gesi ya hidrojeni inayolipuka.

Kupima rilei hakuhitaji zaidi ya mita ya umeme. Injini ikizunguka, volti za betri zote mbili zinapaswa kukaribiana na kupita 13.3. Injini ikizimwa, taa zinazotumia betri ya pili huwashwa kwa nusu saa. Betri ya pili ikishuka huku ya kwanza ikibaki juu, kitenganishi kinafanya kazi. Zikishuka pamoja, hazijatengana, na ni afadhali kulijua hilo kabla ya kutoka mjini.