Rangi ya Kiwandani Haina Spea

Rangi ya gari la kisasa, kuanzia kwenye bati hadi juu kabisa, ina unene wa maikroni 100 hadi 180 hivi, na milimita moja ina maikroni 1,000. Tabaka la mwisho, lile angavu ambalo mafundi huliita klia, mara nyingi ni maikroni 35 hadi 50 tu. Mng'ao wote anaoulipia mteja umo humo. Fundi anapoondoa mkwaruzo hauzibi. Anashusha rangi inayouzunguka mpaka usawa wake ufikie kina cha mkwaruzo wenyewe. Kusahihisha rangi, basi, ni kuipunguza, na kinachopungua hakirudi.

Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza ya biashara hii. Kwa maoni yangu ndiyo inayosahaulika zaidi Dodoma, mji ambao hamu yake ya magari yanayong'aa inakua haraka kuliko ujuzi wa kuyang'arisha.

Soko lililetwa na Serikali. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa mwaka 1973, lakini msafara mkubwa ulianza baada ya tamko la 2016 la kuutekeleza. Aprili 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji, mwaka uliofuata ofisi za wizara zikafunguliwa Mtumba, na sensa ya 2022 ikahesabu wakazi 765,179. Pamoja na watumishi yakaja mashangingi, na nyuma ya mashangingi zikaja pampu za presha, ndoo, na vijana wenye sponji kando ya barabara kuu zinazoingia mjini. Kalenda yao inafuata ya Bunge. Mkutano wa bajeti, Aprili hadi Juni, huujaza mji magari yanayotakiwa kuonekana safi kila asubuhi. Aliyeanza na ndoo ananunua mashine ya polishi, kisha anabandika tangazo la keramiki, dawa ya kupaka juu ya rangi ili kuilinda.

Katika soko hilo wenye magari adimu ya zamani ni wachache, na hakuna gereji hapa itakayolipa pango kwa kuhudumia Peugeot 404 na Land Rover za miaka ya 1960 peke yake. Land Cruiser ya mkurugenzi ndiyo inayonunua vifaa na kulipa mishahara. Lakini gari la ukumbusho, lile lililobaki na mzee aliyestaafu au chini ya mwembe wa misheni, linaangukia mikono ileile iliyozoea Land Cruiser, na hapo ndipo hatari ilipo.

Tuanze na vumbi, maana kazi yote inatokana nalo. Uwanda wa kati uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, unapata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni jua na upepo. Waingereza walioanzisha mradi wa karanga Kongwa mwaka 1947 walikuta udongo uliojaa chembe kali za kwatzi, ukayala majembe ya plau zao, na mradi ukaachwa 1951. Udongo wa namna hiyo ukisagwa na magurudumu na kupandishwa na upepo ndio unaotua juu ya boneti. Kwatzi ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs. Chuma cha kisu cha kawaida hakifiki hapo, na klia iko chini zaidi. Dereva anayechomoa kitambaa na kufuta vumbi kavu ili bosi akute gari linang'aa anapiga msasa mlango mzima. Ile mikwaruzo ya duara inayojitokeza jua la saa nne likipiga ubavuni imetoka hapo, na kwenye sponji iliyookotwa chini ikarudishwa kwenye ndoo bila kusuuzwa.

Sabuni ya unga ya kufulia inaongeza madhara, kwa sababu huondoa nta yote na kuiacha rangi wazi mbele ya jua la mwinuko huu. Maji nayo yana lake. Dodoma imetegemea zaidi visima, hasa vya bonde la Makutupora upande wa Mzakwe, na maji ya ardhini ya ukanda huu yana madini mengi. Tone likikauka juu ya bati la moto huacha duara jeupe la chokaa. Duara changa hutoka kwa siki iliyozimuliwa. Likikaa wiki kadhaa linaichimba klia, na hapo hakuna dawa isipokuwa mashine, yaani maikroni nyingine zinaondoka.

Najiuliza kwa nini vituo vyetu havivuni maji ya mvua, ambayo hayana chokaa. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 550, hupokea lita 55,000 kwa msimu. Asiye na uwezo wa kuhifadhi kiasi hicho anaweza kuanza na simtanki la lita 10,000 na kulitumia kwa suuza ya mwisho peke yake. Kwa lita 25 kila gari, linatosha magari 400. Sioni uwekezaji mwingine katika biashara hii wenye faida kubwa kama huo kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Magari adimu ya huku hayakutoka kwenye minada ya Ulaya. Yalifika yakiwa vyombo vya kazi. Land Rover, iliyozinduliwa 1948, ilivaa bodi ya aloi ya alumini isiyoota kutu kama bati la chuma, na ndiyo maana nyingi bado zipo. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Datsun 240Z ilishinda 1971 na 1973, na Peugeot 504 mwaka 1975 na 1978. Mashindano hayo yalianza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na watu wa ukanda huu walinunua walichokiona kikipita barabarani. Magari haya ni historia yetu. Oktoba 2024, Land Rover kwa mamia zilipokusanyika Arusha, nchi nzima iliona ukubwa wa mapenzi ya watu kwa magari haya.

Kuagiza gari la kuongezea kutoka nje kunawezekana, ila pochi itaumia. Gari dogo la abiria lililozidi miaka 10 na lenye injini ya zaidi ya sisi 2,000 linatozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10, nyongeza ya uchakavu asilimia 30, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla hiyo. Ukipiga hesabu, kodi inaipita bei ya kulinunua na kulifikisha bandarini. Kenya haipokei kabisa gari la kawaida lililozidi miaka 8. Maana yake kibiashara ni kwamba akiba iliyopo nchini ndiyo mali yenyewe, na kila gari linaloharibiwa ni gumu kulirudisha.

Duniani thamani ya uasilia imeshafahamika. Mei 2022 Mercedes-Benz 300 SLR Uhlenhaut Coupé iliuzwa kwa euro milioni 135, na hata kwenye bei za kawaida zaidi wanunuzi wako tayari kulipia zaidi rangi ya kwanza iliyochakaa kuliko rangi mpya inayometa. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, huanza kulitazama gari kama la kihistoria likifikisha miaka 30, na mkataba wake wa Turin unatanguliza kuhifadhi kabla ya kukarabati. Nairobi wana mashindano ya Concours d'Elegance tangu miaka ya 1970, ambako waamuzi huchungulia injini, buti na uvungu. Mtanzania anayetaka kupeleka gari huko anahitaji fundi anayejua nini kisiguswe.

Na hapa ndipo ufundi unapotofautiana na uoshaji. Magari mengi ya kabla ya miaka ya 1980 hayana klia. Rangi ni moja toka juu hadi chini, na ukiipiga polishi kitambaa kinageuka chekundu au kijani. Fundi aliyezoea magari mapya ama anashtuka na kuacha, ama hajali na kuendelea mpaka praima itokeze. Rangi nyekundu ya zamani ikipigwa jua miaka 40 hupauka ikawa kama chaki. Aliyejifunza haanzi na mashine. Anaosha kwa sabuni laini, anatoa uchafu ulioganda kwa udongo maalum wa plastiki, kisha anapaka mafuta ya kulainisha rangi na kuyaacha yaingie usiku kucha. Kesho yake anajaribu kipande kidogo, cha ukubwa wa kiganja, kwa sponji laini na kwa mkono. Mara nyingi rangi hurejea bila kusagwa. Kama itabidi mashine, ni ile ya DA inayozunguka huku ikiyumba, kwa sababu mashine ya mzunguko mmoja huchoma kingo na mikunjo ya bati, mahali ambapo rangi ni nyembamba kuliko popote.

Kabla ya yote hayo kuna kipimo cha unene wa rangi. Vya bei nafuu vinapatikana kwa chini ya dola 100, na bado ni nadra kukiona mkononi mwa fundi. Kwa Land Rover mnunuzi awe macho: kipimo kinachotegemea sumaku peke yake hakisomi alumini, lazima kiwe kinachosoma metali zote mbili. Paneli ikisoma maikroni 120, fundi ana nafasi ndogo ya kufanya kazi. Ikisoma 300, kuna rangi ya pili juu ya ya kwanza. Ikivuka 1,000, chini yake kuna puti. Namba hizo zikiandikwa kwenye faili la gari pamoja na picha ni hati ya thamani kwa mwenye gari kuliko mng'ao wowote, na zinamlinda fundi pia siku mteja atakapodai ameharibiwa.

Bei ndiyo inayopotosha kazi. Hatua moja ya polishi iliyofanywa vizuri huchukua saa 6 hadi 10. Usahihishaji wa hatua kadhaa ni saa 20 hadi 40, na gari la maonyesho linaweza kumeza zaidi ya saa 100. Mjini kwetu bei hutajwa kwa gari, tena getini, kabla hata ya gari kuoshwa. Fundi aliyekubali bei ya namna hiyo hana njia ya kupata faida isipokuwa kukimbiza mkono, akatumia dawa kali na sponji ngumu ili amalize kabla ya magharibi. Bei ya saa, inayotajwa baada ya vipimo na baada ya kujaribu kipande kimoja mbele ya mteja, ingemfanya fundi awe wa kwanza kumwambia mteja aache mkwaruzo mzito ulipo ili rangi ibaki. Fundi anayeweza kusema hivyo anastahili malipo makubwa kuliko anayesaga kila kitu.

Keramiki inauzwa kwa maneno makubwa mno. Ile 9H inayoandikwa kwenye chupa ni kipimo cha ugumu wa penseli, haihusiani na Mohs, na mchanga wa Kongwa utaipita. Faida yake ni ya kweli lakini nyingine: maji huteleza, uchafu haushiki sana, uoshaji unakuwa mwepesi. Kwa shangingi linalooshwa kila siku inafaa. Kwa rangi ya miaka ya 1960 ningeshauri nta, kwa sababu nta hutoka, wakati keramiki haitoki bila kusagwa.

Jambo la afya lisipitwe. Rangi za zamani, hasa nyekundu na njano, zinaweza kuwa na risasi, hivyo msasa upigwe kwa maji na barakoa ivaliwe. Rangi nyingi za sasa za kuchanganya na hadna zina isosayaneti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya maisha, na vijana wanazipulizia chini ya miti wakiwa wamefunga kitambaa puani. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inao utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani. Ufundi wa bodi na rangi unastahili kupewa uzito humo, usalama ukiwa somo la kwanza.

Serikali nayo ina nafasi ya moja kwa moja. Magari yake yaliyochoka huuzwa kwa mnada, na humo hutokea Land Rover na Land Cruiser za mkonga zenye umri na historia. Tangazo la mnada hutaja aina, namba na mahali gari lilipo. Karakana za TEMESA, wakala wa Serikali wa ufundi na umeme, zingeweza kuongeza karatasi moja ya vipimo vya rangi kwa kila gari lililovuka miaka 30, kazi ya nusu saa kwa fundi mmoja. Mnunuzi angejua ni paneli zipi bado zina rangi ya kiwandani kabla hajalipeleka kupuliziwa upya, na Serikali ingejua inachouza.