Tuwaachie Wanafunzi Wasome kwa Raha

Mwalimu wa Kiswahili akiulizwa wanafunzi wake wanasoma nini, hutaja haraka vitabu vilivyoteuliwa kwa ajili ya mtihani. Akiulizwa wanasoma nini zaidi ya hivyo, mara nyingi hukosa jibu. Makala haya yanakusudia kueleza maana ya kusoma kwa raha, kwa nini jambo hilo lina uzito wa pekee katika shule za Arua na Koboko, na namna ya kulianzisha hata pale ambapo vitabu ni vichache.

Lugha iliyokuja kwa amri

Katika eneo letu la West Nile, Kiswahili hakikuingia kwa njia ya hadithi. Enzi za ukoloni vijana wengi wa Kikakwa na Kilugbara walijiunga na jeshi la King's African Rifles, na huko walikikuta Kiswahili kikiwa lugha ya gwaride na ya kutoa amri. Mwaka 1973 Idi Amin, ambaye asili ya baba yake ni Koboko, alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Tangazo hilo nalo lilikuwa amri ya serikali ya kijeshi, na baada ya hapo Waganda wengi walizidi kukihusisha Kiswahili na bunduki.

Hatua zilizofuata zilikuwa za heri. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 ulikifanya somo la lazima katika vidato viwili vya kwanza, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Sisi wapenzi wa lugha hii tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Hata hivyo, neno "lazima" linaendelea kukiandama Kiswahili kama kivuli.

Mfikirie mtoto wa Abuku, katika wilaya ya Koboko. Nyumbani anazungumza Kikakwa. Sokoni anasikia Kinubi, Kilugbara na Lingala, kwa kuwa mipaka ya Kongo na Sudan Kusini iko karibu. Darasani anafundishwa kwa Kiingereza. Kiswahili anakipata kwa wafanyabiashara, kwa askari, na kwenye karatasi ya mtihani. Je, ni wapi atakutana na Kiswahili kinachomchekesha, kinachomtia hofu ya kupendeza, kinachomfanya asahau kuwa jua limekuchwa? Atakutana nacho kitabuni, au hatakutana nacho kabisa.

Maana ya kusoma kwa raha

Kusoma kwa raha ni kusoma kitabu ulichokichagua mwenyewe, kwa kasi yako, bila kutarajia swali mwishoni. Mwandishi Mfaransa Daniel Pennac, katika kitabu chake Comme un roman cha mwaka 1992, aliorodhesha haki kumi za msomaji. Miongoni mwake ni haki ya kuruka kurasa, haki ya kutomaliza kitabu, na hata haki ya kutosoma. Mwalimu anaweza kushtuka, lakini sisi wenyewe tunapokuwa nyumbani huzitumia haki hizo bila kumwomba mtu ruhusa.

Historia ya fasihi yetu inaonyesha nguvu ya hiari. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, na baadaye ikapigwa marufuku katika shule za Tanzania. Marufuku hiyo haikuiua. Riwaya iliendelea kujulikana na kusomwa, na miaka ilipopita ikaingizwa katika orodha ya vitabu vya shule. Vivyo hivyo, Muhammed Said Abdulla alipochapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, wasomaji walimfuata mpelelezi wake Bwana Msa kitabu baada ya kitabu kwa sababu walitaka kujua nani muuaji. Shauku hiyo ya kutaka kujua ndiyo inayomfanya msomaji afungue ukurasa unaofuata. Tukiitanguliza kwa maswali kumi ya ufahamu, huzimika kabla haijawaka.

Je, mtihani utakuwaje?

Mwalimu mwenzangu atauliza: muda wa raha utatoka wapi, na silabasi haijamalizika? Jibu linapatikana Fiji, katika shule za vijijini zinazofanana na zetu, ambako watoto hujifunza Kiingereza wakiwa na lugha nyingine nyumbani. Kuanzia mwaka 1980 watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi takriban 250 katika kila darasa lililohusika, darasa la nne na la tano. Baadhi ya madarasa yalisoma kimya vitabu waliyovichagua. Mengine yalisomewa na mwalimu, kisha yakazungumza juu ya hadithi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1983 yalionyesha kuwa wanafunzi hao walisonga mbele katika kusoma kwa karibu mara mbili ya kasi ya wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Katika mwaka wa pili faida ilienea hadi kwenye stadi nyingine za lugha. Kwa hiyo raha haikuuibia mtihani muda wake, bali iliusaidia.

Kitabu chepesi si aibu

Raha hufa msomaji anapokwama kila mstari. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000, uliohusu Kiingereza, ulionyesha kuwa wasomaji wengi wa lugha ya pili huhitaji kuyajua maneno takriban 98 kati ya 100 ili waelewe hadithi bila msaada. Katika Kiswahili tuhesabu kwa uangalifu zaidi, maana neno moja kama "hawakunipigia" limebeba ukanusho, nafsi mbili, wakati na kauli ya kutendea. Mwanafunzi anayejua "piga" peke yake bado anaweza kukwama. Hivyo mwanafunzi wa kidato cha kwanza akichukua hadithi ya watoto wadogo, tusimcheke. Hapo ndipo viambishi vinapozoeleka bila jedwali ubaoni.

Namna ya kuanza

Kwanza, tenga dakika 15, mara mbili kwa wiki, na usiziguse kwa kazi nyingine.

Pili, mwanafunzi achague mwenyewe, na aruhusiwe kukirudisha kitabu kisichompendeza.

Tatu, usidai muhtasari, alama wala orodha ya msamiati. Akitaka kumsimulia mwenzake, na asimulie.

Nne, mwalimu naye asome wakati huohuo. Akisahihisha madaftari, wanafunzi wataelewa kuwa kusoma ni adhabu ya watoto tu.

Tano, mara moja kwa wiki wasomee kwa sauti, kisha usimame pale hadithi inapokolea. Watakitafuta kitabu wenyewe.

Kuhusu upatikanaji wa vitabu, mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, una hadithi fupi zenye picha kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika, Kilugbara kikiwemo. Zinapatikana bila malipo na zinaruhusiwa kuchapishwa. Mwalimu aliye Arua mjini anaweza kuchapa kumi na kuzipeleka Abuku katika bahasha moja. Njia nyingine ni wanafunzi kuandika kwa Kiswahili ngano walizosimuliwa na bibi zao kwa Kikakwa, kisha daftari hizo zikashonwa na kuwekwa sandukuni. Hakuna kitabu kinachogombewa kama kile kilichoandikwa na mtu wa darasani.

Hitimisho

Jambo la mwisho linatuhusu sisi walimu. Wengi wetu tunasoma tukiwa na kalamu nyekundu mkononi au tukitafuta nukuu ya mhadhara. Mwalimu aliyesahau ladha ya riwaya hawezi kuwaambukiza wengine. Basi likizo hii kila mmoja wetu achukue kitabu kimoja cha Kiswahili ambacho hatakifundisha, akisome kivulini, na akikiona hakimpendezi akiache na kuchukua kingine. Kiswahili kimeshafika West Nile kwa amri ya jeshi, ya serikali na ya mtaala. Kilichobaki ni kupendwa, na kwa hilo hakuna amri inayofaa. Wahenga walisema, penye nia pana njia. Na nia huzaliwa na utamu.